Kupanda ngazi za ugumu katika michezo ya video ya gitaa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Guitar Hero ilipoingia sokoni Novemba 2005 kwa ajili ya PlayStation 2, ikiwa imetengenezwa na Harmonix na kutolewa na RedOctane, zote za Marekani, ilikuja na utaratibu ambao michezo mingi ya aina yake ingali inaufuata hadi leo: wimbo mmoja hupangiwa noti mara nne, kwa ngazi nne za ugumu, na mchezaji huchagua ngazi kabla ya kuanza kupiga. Kwenye skrini ngazi hizo huandikwa Easy, Medium, Hard na Expert. Humu zitaitwa Rahisi, Wastani, Ngumu na Bingwa. Wachezaji wapya wengi hudhani kwamba tofauti ya ngazi hizi ni kasi tu, na dhana hiyo ndiyo huwakwamisha. Wimbo hauendi mbio zaidi kwa sababu umechagua Bingwa. Kinachobadilika ni kazi ya mkono, na kila ngazi huleta kazi ambayo ngazi iliyoitangulia haikuifundisha. Kwa hiyo mtu aliyepata nyota tano katika kila wimbo wa Wastani anaweza kuingia Ngumu na kuangushwa na wimbo wa kwanza kabisa, bila ya kuwa amefanya kosa lolote katika mazoezi yake.

Mwongozo huu unawahusu wanaopiga kwa gitaa la plastiki lenye vitufe vitano, pamoja na wale wanaotumia kibodi ya kompyuta, ambao nadhani ndio wengi miongoni mwa wasomaji wake. Vitufe hivyo, kuanzia upande wa kichwa cha gitaa, ni kijani, nyekundu, njano, buluu na chungwa. Noti zenye rangi hizo hushuka kwenye njia iliyochorwa katika skrini, na zinapofika mstari wa chini mchezaji hubana kitufe kinacholingana na rangi huku akicharaza kwa kusukuma wenzo ulio kwenye tumbo la gitaa. Ukibana bila kucharaza, noti haihesabiwi. Ukicharaza mahali pasipo na noti, mchezo huhesabu kosa na mfululizo wako hukatika. Kanuni hii ya pili ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa maana mtu aliyepotea katikati ya wimbo kwa kawaida huanza kucharaza ovyo akitumaini kuokota chochote, na kila mcharazo wa namna hiyo humwongezea hasara.

Hatua ya 1: Linganisha sauti na picha kabla ya kujilaumu

Runinga bapa za siku hizi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na uchakataji huo huchukua muda. Ucheleweshaji wa sehemu ndogo sana ya sekunde hauonekani ukiwa unatazama filamu, lakini katika mchezo unaopima kama umecharaza kwa wakati, unatosha kuharibu kila kitu. Ndiyo maana michezo hii huwa na sehemu ya kulinganisha sauti na picha ndani ya mipangilio yake. Ifungue, fuata maelekezo yake, kisha uirudie mara kadhaa na kuchukua thamani ya katikati, kwa sababu jaribio la kwanza mara nyingi hupotoka. Kama runinga yako ina hali maalumu ya michezo, iwashe kwanza, kisha ndipo ulinganishe. Ukifanya kinyume chake itakubidi uanze upya.

Jambo moja husahaulika. Vipokea sauti visivyo na waya, vile vya Bluetooth, huongeza ucheleweshaji wao wenyewe upande wa sauti. Tumia vya waya au spika za kawaida.

Sababu ya kuweka hatua hii mbele ya nyingine zote ni kwamba katika ngazi ya Rahisi kasoro hii hujificha. Noti ziko mbalimbali, hivyo hata ukichelewa kidogo mchezo hukusamehe. Ukifika Ngumu, noti zinakaribiana kiasi kwamba mcharazo uliochelewa unaangukia karibu na noti inayofuata, na ghafla unaonekana hujui kupiga. Nimeona watu wakirudi Wastani kwa aibu ilhali tatizo lilikuwa ndani ya runinga.

Hatua ya 2: Kagua chombo unachopigia

Mwenye gitaa la zamani ahakikishe kwamba wenzo wa kucharazia unaitika pande zote mbili, juu na chini. Magitaa mengi yaliyotumika yana upande mmoja uliochoka, na mwenyewe hajui, kwa kuwa katika ngazi za chini alikuwa akicharaza chini tu. Anayetaka kuunganisha gitaa na kompyuta atafute lile la Xbox 360 lenye waya wa USB, liitwalo X-Plorer, kwa sababu huchomekwa moja kwa moja. Mengi ya yale mengine huhitaji kipokezi chake cha asili au adapta.

Mwenye kibodi ana mtihani wake. Kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kutambua baadhi ya vitufe vikibanwa vitatu au vinne kwa pamoja. Unabana vyote, kompyuta inapokea viwili. Fungua programu yoyote ya kuandikia, bana herufi tatu ulizokusudia kuzitumia kwa wakati mmoja, kisha uongeze kile kitufe cha kucharazia, na uangalie kama kila kimoja kimefika. Kisipofika, badilisha mpangilio wa vitufe kabla mikono haijauzoea. Clone Hero, mchezo wa kompyuta unaopatikana bure na unaoiga mtindo wa Guitar Hero, humruhusu mtumiaji kuchagua mwenyewe kitufe cha kila rangi, kwa hiyo hakuna sababu ya kung'ang'ania mpangilio usiofanya kazi.

Hatua ya 3: Tenganisha ugumu wa ngazi na ugumu wa wimbo

Hivi ni vipimo viwili, na kuvichanganya huleta maamuzi mabaya. Ngazi husema ni noti ngapi na vitufe vingapi utakavyopewa. Wimbo nao una ugumu wake wa asili: kasi yake, wingi wa sehemu za gitaa la solo, na kama mdundo wake unatabirika. Guitar Hero ya kwanza iligawa nyimbo zake kuu 30 katika makundi sita ya nyimbo tano tano, kutoka nyepesi hadi nzito, na Guitar Hero III ya mwaka 2007 iliendeleza mpangilio huo kwa makundi manane.

Matokeo yake ni kwamba wimbo wa kundi la mwisho katika ngazi ya Wastani unaweza kuwa mgumu kuliko wimbo wa kundi la kwanza katika Ngumu. Basi usisubiri kumaliza orodha nzima ya ngazi moja ndipo upande. Ukishaweza kupata takriban asilimia 90 ya noti katika nusu ya kwanza ya orodha, chukua nyimbo mbili au tatu nyepesi za ngazi ya juu uzijaribu, huku ukiendelea na nusu ya pili katika ngazi uliyopo. Kupanda kwa namna hii, mguu mmoja huku na mwingine kule, hupunguza mshtuko, na kwa maoni yangu ndilo badiliko moja linalookoa muda mwingi zaidi katika mwongozo huu wote.

Hatua ya 4: Pita Rahisi haraka

Katika Rahisi hutumika vitufe vitatu tu: kijani, nyekundu na njano. Kidole cha shahada hukaa kwenye kijani, cha kati kwenye nyekundu, cha pete kwenye njano, na mkono hauna haja ya kusogea popote. Noti huja moja moja kwa sehemu kubwa, na kati yake kuna nafasi ya kutosha kufikiri.

Kazi ya ngazi hii ni moja: kuzoea kubana kwa mkono mmoja na kucharaza kwa mwingine kwa wakati mmoja. Kwa wengi hilo hukamilika mapema. Wapo hata wanaoona Rahisi inawasumbua kuliko Wastani, hasa watu wenye sikio la muziki, kwa sababu mpangaji wa noti ameziacha nyingi zinazosikika. Gitaa linalia mara nane, skrini inaonyesha mara mbili. Mkono unataka kufuata sikio na mchezo unasema hapana. Ukijiona uko katika kundi hilo, usijilazimishe kubaki. Nenda Wastani siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto mdogo au mgeni ambaye hajawahi kushika gitaa la namna hii, Guitar Hero World Tour ya mwaka 2008 iliongeza ngazi ya chini zaidi, Beginner, ambamo mchezaji hucharaza tu kwa wakati bila kujali rangi. Inafaa kwa sherehe za nyumbani. Kwa mtu mwenye nia ya kupanda haina mengi ya kumfunza.

Hatua ya 5: Katika Wastani, kiamshe kidole cha mwisho

Kitufe cha buluu huingia hapa, na kidole cha mwisho, ambacho katika shughuli nyingi za kila siku huwa abiria tu, hupewa kazi. Ni dhaifu, huchelewa, na kikibana huvuta kidole cha pete pamoja nacho. Dawa yake si kupiga nyimbo nyingi bali kupiga kipande kifupi chenye buluu nyingi mara nyingi. Guitar Hero II ya mwaka 2006 ilileta sehemu ya mazoezi ambamo unachagua kipande cha wimbo na kukipiga kwa kasi ndogo, na michezo iliyofuata ikaiga. Tafuta kipande ambacho noti zinapokezana kati ya njano na buluu, kipunguze kasi, kisha ongeza kasi kila unapokipiga bila kosa.

Jambo la pili linaloanza kuonekana sana ni noti za pamoja, yaani rangi mbili zinazotakiwa kubanwa kwa mcharazo mmoja. Hapa pana kanuni ambayo mchezo hauielezi vizuri, nayo itakusaidia mpaka mwisho. Noti ikiwa moja, mchezo huangalia kitufe cha juu kabisa kilichobanwa, kwa kuelekea upande wa tumbo la gitaa. Vilivyo chini yake haviharibu chochote. Unaweza kushikilia kijani huku ukipiga nyekundu, njano au buluu, na noti zitahesabiwa. Lakini noti zikiwa za pamoja, ni lazima vitufe vilivyobanwa viwe vile vile vilivyoonyeshwa, bila cha ziada. Zoea sasa kuacha kidole cha shahada kikiwa kimetulia kwenye kijani unapopiga noti moja moja za juu. Mkono unaopata nanga haupotei.

Anza pia kucharaza juu na chini kwa zamu, hata kama kucharaza chini tu kungali kunatosha. Wastani ni mahali pazuri pa kujifunza hili kwa sababu bado kuna nafasi. Ngumu haitakupa nafasi hiyo.

Hatua ya 6: Kuingia Ngumu

Hapa ndipo wengi huishia, na si kwa uvivu. Vitufe vimekuwa vitano na vidole vinavyofika ni vinne. Hakuna kiasi cha mazoezi ya Wastani kinachoweza kukuandaa kwa hesabu hiyo, kwa kuwa katika Wastani mkono haukuwahi kuondoka mahali pake. Kwa mara ya kwanza unatakiwa kuamua, kabla noti hazijafika, mkono utakaa wapi.

Njia ni mbili na zote zinahitajika. Kipande kikiwa na chungwa lakini hakina kijani, sogeza mkono mzima nafasi moja ili kidole cha shahada kikae kwenye nyekundu na kidole cha mwisho kifike chungwa kwa raha. Kipande kikiwa na kijani na chungwa kwa pamoja au kwa karibu, kidole cha shahada kibaki kwenye kijani na kidole cha mwisho kinyooshwe kutoka buluu hadi chungwa na kurudi. Kosa la kawaida ni kuchagua njia moja na kuitumia kila mahali. Anayenyoosha daima huchoka na kuumia mkono. Anayesogea daima hupoteza mahali kila kijani kinapotokea ghafla.

Kusogea kuna siri mbili. Ya kwanza ni kusogea wakati wa pumziko au wakati wa noti ndefu, wala si katikati ya mfululizo, na hilo linawezekana tu kama macho yako hutazama juu kidogo ya katikati ya njia badala ya kutazama mstari wa chini. Anayetazama mstari wa chini anaona kilichokwisha kufika. Ya pili ni kurudi nyumbani bila kutazama mkono: kijani ni kitufe cha mwisho upande wa kichwa cha gitaa, na baada yake hakuna kitu, hivyo kidole cha shahada kikigusa ukingo ule kinajua kimefika.

Kwa mazoezi, chukua wimbo mmoja mwepesi wa Ngumu na uupige kwa siku kadhaa badala ya kuruka huku na huko. Ukiufungua katika sehemu ya mazoezi, tafuta mahali chungwa inapotokea mara ya kwanza, kisha amua kwa kusudi: hapa nitasogea, au hapa nitanyoosha. Piga kipande hicho kwa kasi ndogo hadi uamuzi huo ufanywe na mkono wenyewe. Halafu tafuta mahali panapofuata. Nyimbo tatu au nne zikishapigwa kwa namna hii, zilizobaki huanza kufunguka, kwa sababu michoro ya mkono hurudiarudia.

Anayetumia kibodi hana tatizo hili kwa ukali ule ule, maana kidole gumba nacho kinaweza kupewa rangi, na vidole vitano vikakutana na vitufe vitano. Ukuta wake uko kwingine: katika kucharaza. Kubonyeza kitufe kimoja kwa haraka kwa kidole kimoja huchosha upesi, kwa hiyo apangie kucharaza vitufe viwili vya mkono wa kulia na kuvipokezanisha kwa vidole viwili, kama mwenye gitaa anavyopokezana juu na chini.

Ngumu ndiyo pia ngazi ambayo noti zisizocharazwa haziwezi tena kupuuzwa. Hizi ni noti zinazofuatana kwa karibu na kuonyeshwa kwa kichwa king'aavyo, tofauti na noti za kawaida. Unacharaza ya kwanza tu. Zinazofuata zinapigwa kwa kugonga kitufe kwa kidole, au kwa kukiachia kitufe cha juu huku cha chini kikiwa tayari kimebanwa. Sasa unaona kwa nini zoezi la nanga lilianzishwa mapema: kushuka kutoka njano hadi kijani bila kucharaza kunawezekana kwa sababu kijani kilikuwa kimeshikiliwa muda wote. Kumbuka sharti lake: ukikosa noti moja katika mfululizo huo, inayofuata lazima uicharaze ili mnyororo uanze tena. Guitar Hero ya kwanza ilibana sana muda wa kufanya hivi, Guitar Hero II ikalegeza, na Guitar Hero III ikasamehe zaidi, kwa hiyo anayejifunza noti hizi ataumia kidogo zaidi akianzia kwenye mchezo wa kwanza.

Mwisho, jifunze kutunza Star Power. Noti zenye umbo la nyota, ukizipiga zote katika kifungu chake, hujaza akiba. Akiba ikifika nusu unaweza kuiwasha kwa kuinua shingo ya gitaa. Wachezaji wa Wastani huiwasha papo hapo kwa ajili ya alama, kwa kuwa huongeza maradufu kizidishi, ambacho chenyewe huwa mara mbili baada ya noti 10 mfululizo, mara tatu baada ya 20 na mara nne baada ya 30. Lakini ina faida nyingine: ikiwa imewashwa, kila noti unayoipata hupandisha haraka zaidi kipimo kinachoamua kama wimbo utakatishwa. Kwa hiyo katika wimbo wa Ngumu usioumudu, ihifadhi mpaka sehemu inayokuangusha, uiwashe noti chache kabla ya hapo, na uvuke.

Hatua ya 7: Bingwa

Ngazi hii haina kitufe kipya. Inachofanya ni kurudisha karibu noti zote ambazo ngazi za chini ziliziondoa, na kuongeza noti za pamoja za rangi tatu. Kwa sababu hiyo wapo wanaoiona inasomeka vizuri kuliko Ngumu: kinachosikika ndicho kinachoonekana, na noti hushuka kwa kasi kubwa zaidi kwenye njia, hivyo huonekana zimeachana badala ya kurundikana. Hilo la mwisho linawashangaza wengi. Kuongeza mwendo wa noti kwenye skrini hakuongezi kasi ya wimbo. Kunatanua nafasi kati ya noti na noti. Clone Hero huruhusu kurekebisha mwendo huo, na anayeona vurugu ya rangi mbele yake aupandishe kidogo kidogo kabla ya kukata tamaa.

Katika Bingwa, uvumilivu wa mkono unaocharaza huanza kuamua mambo. Shika gitaa kwa ulegevu, charaza kwa kifundo cha mkono na si kwa mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko, na sukuma wenzo kwa umbali mdogo kiasi cha kusikika mlio wake tu. Maumivu yakianza kwenye kifundo au kwenye kigasha, acha kwa siku hiyo. Hakuna nyota inayostahili mkono uliovimba.

Baada ya kila wimbo, soma jedwali la matokeo linaloonyesha asilimia ya kila sehemu. Mtu akipata asilimia 85 ya wimbo mzima, mara nyingi sehemu nyingi ziko karibu na 100 na moja au mbili ziko chini ya 60. Mazoezi yaende kwenye hizo moja au mbili, kwa kasi ndogo, na wimbo mzima uachwe upumzike. Kuurudia wimbo mzima kutoka mwanzo ili kufika kwenye solo ya dakika ya nne ni kupoteza dakika nne.

Kilele kinachotajwa sana ni Through the Fire and Flames ya DragonForce, wimbo wa ziada katika Guitar Hero III, wenye noti 3,722 katika ngazi ya Bingwa. Wengi huangushwa katika utangulizi wake wenyewe, kabla ngoma hazijaingia, kwa sababu utangulizi huo ni mfululizo wa noti zisizocharazwa zinazorukaruka kati ya vitufe vya mbali. Wanaoupita huweka mikono yote miwili kwenye shingo ya gitaa na kugawana vitufe. Sio lazima ufike huko. Mtu anayemaliza nyimbo za kundi la kati katika Bingwa kwa furaha amefika mahali pazuri, na kuna nyimbo za kutosha hapo za kumweka miaka.

Hatua ya 8: Ukibadilisha mchezo, shuka ngazi

Majina ya ngazi hayana kipimo kimoja. Guitar Hero Live ya mwaka 2015 iliacha vitufe vitano vya mstari mmoja na kuweka sita, vitatu juu na vitatu chini, na ngazi zake zikawa tano: Basic, Casual, Regular, Advanced na Expert. Aliyekuwa Bingwa wa vitufe vitano akianza Advanced hapo ataumia, kwa sababu kidole kimoja sasa kina vitufe viwili, na wakati mwingine hubana vyote viwili kwa mpigo. Aanzie Casual au Regular, atapanda haraka kuliko mgeni, lakini apande.

Fortnite Festival, uliotengenezwa na Harmonix na kuanza Desemba 2023, hutumia njia nne za noti hadi Ngumu na kuongeza ya tano katika Bingwa pekee. Maana yake ule ukuta wa kitufe cha tano umehamishwa ngazi moja juu. Ukipita Ngumu kwa urahisi katika mchezo huo, usidhani utaipita vivyo hivyo katika Guitar Hero.

Rocksmith ya Ubisoft, iliyotoka 2011, ni jambo tofauti kabisa: unachomeka gitaa halisi la umeme kwa waya maalumu, na mchezo wenyewe huongeza au kupunguza noti katika kila kifungu kulingana na unavyopiga. Hapo hakuna ngazi ya kuchagua mwanzoni. Ila mfumo huo una tabia ya kukuongezea noti mara tu unapoanza kustarehe, na mwanafunzi hujikuta hajawahi kutulia kwenye kifungu hata kimoja. Tumia kifaa chake kiitwacho Riff Repeater: chagua kifungu, weka kiwango cha noti pale unapopaweza, punguza kasi, na urudie mpaka vidole, ambavyo safari hii vinabana nyuzi na si vitufe, vimekubali.